Barua ya wazi kwa waume wa Busia, Uganda: ruhusa peke yake haitoshi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlio na watoto wadogo, na wake zenu wanataka kutoka kutafuta riziki. Wengi wenu husema, "Mimi sikumkataza, akitaka aende." Lakini maji, kuni, jiko na mtoto vyote mmemwachia yeye. Anaamka saa kumi alfajiri, anachota, anapika, anaosha watoto. Akifika sokoni, wenzake wameshachagua mzigo mzuri. Ananunua nyanya zilizolainika, kesho yake zimeoza, kisha nyumbani mnasema hana mkono wa biashara.

Nianze na mtoto, maana hapo ndipo kazi za akina mama wengi hufia. Aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu, ila si lazima mama awe naye kila saa. Mama anawe kwa sabuni, akamulie kwenye kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa, akifunike. Bila friji yasikae zaidi ya muda wa saa nne; kwa joto letu la mchana yatumiwe mapema zaidi, na yakae kivulini. Kuyapasha, weka kikombe ndani ya maji ya moto kiasi, usikitie jikoni. Mkalishe mtoto wima mapajani, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, atayavuta mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Chupa za chuchu ziacheni: uchafu hujificha ndani, na kuhara huanzia hapo. Mama naye akiwa kazini akamue kila baada ya saa tatu hivi, la sivyo matiti yatavimba na maziwa yatapungua.

Kazi ya kikombe baba anaiweza. Msiende kijijini kumtoa binti wa watu shuleni aje kulea. Naye ni mtoto.

Walioajiriwa wajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu; malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya. Zile siku 4 mnazimalizia kwenye kupokea wageni. Jifunzeni kikombe.

Sasa pesa, na hapa nawasihi mnisikilize vizuri. Tuseme mama amenunua nyanya za shilingi 120,000, akauza 160,000. Mnaona 40,000 za faida. Toeni nauli, ushuru wa soko, na zilizooza. Pengine imebaki 20,000. Ukimwomba 50,000 jioni ile, 30,000 umezikata kwenye mtaji. Safari ijayo atanunua kidogo, na nauli ni ileile. Mara tatu hivyo, meza imefungwa. Baya zaidi ni mume anayeacha kutoa pesa ya chakula mara mke anapoanza kuuza. Huo mtaji ndio unaoliwa mezani kwenu.

Akipata mkopo wa parokia, yaani ule wa serikali unaopitia parokia zetu za utawala, si wa kanisa, unaofika shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, msiugeuze bodaboda yenu. Atakayedaiwa ni yeye.

Wanaovusha mzigo kwenda upande wa Kenya: bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, zina cheti rahisi cha asili, yaani karatasi ya kuonyesha zimezalishwa wapi, kinachotolewa palepale mpakani. Akina mama wengi huogopa makaratasi, wakapita njia za panya, wakanyang'anywa mzigo wote. Anayeijua ofisi ile ampeleke mkewe mara ya kwanza, asimame kando, amwache ajaze mwenyewe.

Na leo jioni, kabla ya siku ya soko, jazeni mitungi yote ninyi. Aokoe muda wa saa nzima alfajiri, awahi nyanya ngumu.

Mama yenu mzee,
Busia