Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kwa nini nusu ya ploti yetu haikutoa mbegu

Ndugu zangu wanachama, kina mama, kina baba na vijana, habari zenu. Mahesabu mhazini alishayatuma kwenye grupu na kila senti ipo, sitayarudia. Michango imeingia vizuri, asanteni sana. Mimi nataka tuongee kuhusu ile ploti yetu ya nyasi za asili hapa Kansas City, sababu wengi mmeniuliza kwa nini upande mmoja umezaa na mwingine hamna kitu.

Mnakumbuka miaka mitatu iliyopita tulipanda nyasi ya aina moja tu pande zote mbili, Andropogon gerardi, ile wenyeji wanaiita mguu wa bata mzinga kwa vile suke lake linajigawa vidole vitatu. Upande wa mashariki tulimwaga mbegu tulizokusanya wenyewe kando ya reli ya zamani, upande wa magharibi tukamwaga za kununua, za bei nafuu, ambazo baadaye ndo tukaja kujua asili yake ni Texas. Muuzaji alituambia nyasi ni nyasi tu. Mimi ndo niliyesaini manunuzi yale na naomba mnisamehe.

Sasa Septemba hii za reli zilikuwa zimeshakauka rangi ya shaba, masuke yamefunguka, wakati za Texas zilikuwa zimenipita kimo, kijani kibichi, zinapendeza kweli, ila masuke ndo kwanza yanachungulia. Mwisho wa Oktoba ikaja jalidi usiku. Asubuhi nikaenda na mama mmoja wa kamati, tukachuma suke kila upande, tukasugua kiganjani tukapuliza. Za reli zikabaki mbegu, ngumu, unazisikia kwenye kidole. Za Texas zote zikapeperuka, makapi matupu. Yule mama alinyamaza kabisa, akarudia suke lingine na lingine, yale yale.

Tatizo siyo udongo wala sisi kutomwagilia, tatizo limo kwenye jeni. Nyasi hizi zinasoma urefu wa mchana ili zijue lini zitoe maua, na zile za kusini kama Texas zimezoea mchana wa kwao. Huku kwetu mchana wa kiangazi ni mrefu zaidi kwa hiyo zinaendelea kurefuka tu zikingoja, mpaka baridi inazikuta. Calvin McMillan wa Chuo Kikuu cha Nebraska alishaliona hili zamani, akachapisha mwaka 1959: alikusanya nyasi kutoka sehemu mbalimbali za preri, yaani mbuga za nyasi za katikati ya Marekani, akazipanda pamoja shamba moja, za kaskazini zikawahi kuchanua zikiwa fupi, za kusini zikachelewa zikiwa ndefu. Shamba moja, mvua moja, tofauti ikabaki.

Na siyo kaskazini na kusini tu. Hapa hapa Kansas magharibi ni kukavu, Colby wanapata mvua kama milimita 500 kwa mwaka, ukienda mpaka Carbondale kule Illinois inafika kama 1,200. Loretta Johnson wa Kansas State University na wenzake walichukua mbegu za sehemu kavu na za sehemu za mvua wakazipanda kote kote, Colby, Hays na Manhattan za hapa Kansas, na Carbondale. Za ukame zinabaki fupi, majani membamba, hata ukizipeleka kwenye mvua, na za Illinois zinang'ara kwao Illinois lakini huku magharibi zinapata shida. Kinachonishangaza mimi ni kwamba chavua yake inabebwa na upepo, jeni zinachanganyika kila mwaka, na bado kila sehemu inabaki na nyasi yake, yaani ukame unachuja miche kwa nguvu kiasi kwamba mchanganyiko haufui dafu. Hii nyasi ni ndugu wa damu wa mahindi, mtama na miwa, na sisi tuliolima Fizi, Kigoma na Bungoma tunajua kabisa mbegu ya mlimani ukiishusha bondeni inavyokuwa.

Kwenye kamati kuna wenzetu wamesema hali ya hewa inabadilika kwa hiyo tuchanganye na mbegu za Kansas magharibi zinazovumilia ukame. Hoja nzito hiyo na siidharau. Mimi nimeona tuzijaribu kwenye kipande kidogo pembeni kwanza, tuzitazame misimu kadhaa, kabla hatujagusa ploti nzima.

Kamati imeshakubaliana hatununui tena mbegu ambayo muuzaji hawezi kusema imechumwa wapi, hata iwe bei ya bure. Upande wa magharibi tutaulima upya na mbegu za reli, ruhusa ya kuchuma tunayo. Mwaka ujao tunaenda Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa tatu asubuhi, njooni na mifuko ya karatasi, siyo plastiki, mbegu zinaoza humo. Watoto waleteni pia, vidole vyao vidogo vinachuma haraka kuliko vyetu.