Barua kwa Mjomba, juu ya salfa na mrututu

Zürich, Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wako wa mifuko kumi ya salfa umenifikia, na fedha nimezituma asubuhi hii kwa simu ya Halima. Vijana wapulizie alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo ukiwa umetulia, wala wasingoje ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe wa mikorosho, utande, kwa sababu salfa hukinga tu. Ua lililokwisha kuungua hailiokoi.

Lililonikaa rohoni ni lile neno ulilolitamka kwenye arobaini ya Bibi mbele ya wazee wote wa Newala, kwamba mpwa wako amevuka bahari kwenda kusomea rangi za maji na hajaleta hata dawa ya homa. Niliumia, Mjomba. Nimenyamaza miezi minne kwa kuwa ni wewe uliyeuza korosho za msimu mzima ili nilipiwe ada. Lakini salfa unayoniomba ndiyo elimu yangu yenyewe. Kemia isokaboni ndiyo hiyo, ya salfa, chumvi, shaba na chuma.

Unaukumbuka mrututu wa Bibi, ile chumvi ya shaba ya buluu, aliokuwa akiufunga kwenye pindo la kanga na kututia vidondani hadi tukapiga mayowe? Ndio ninaoanzia kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nauyeyusha, maji yanakuwa ya buluu hafifu. Nadondosha amonia tone kwa tone, maji yanatibuka na kufanya ukungu mweupe-buluu. Nikizidi kudondosha, ukungu wote unayeyuka na kubaki buluu nzito ing'aayo, kama bahari ya Mikindani mchana wa jua kali, kwa kuwa amonia imeizingira shaba na kuchukua nafasi za maji. Darasa zima hunyamaza. Wanafunzi wangu wameliandika jina la mrututu katika madaftari yao, nami sijawahi kujivunia jambo kama hilo.

Katika mji huu ndiko alikofundisha mkemia Alfred Werner. Zilikuwapo chumvi za amonia na kobalti, madini ya jamii ya chuma, zilizowatatiza wataalamu: ukizitia nitrati ya fedha, dawa inayonasa kloridi iliyo huru, moja hutoa kloridi zake zote tatu, nyingine mbili, nyingine moja tu. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 26, Werner alieleza kwamba kobalti huzingirwa na majirani sita, na kloridi iliyo miongoni mwa hao sita haiachiliwi. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mimi nafanyia kazi madini hayohayo. Baada ya miezi kumi na moja ya kushindwa, nilipata fuwele moja ya zambarau, ndogo kuliko chembe ya mchele, nikaipiga eksirei na kuwaona majirani wote sita mahali pao. Ilikuwa wiki ileile ya arobaini. Nilitaka kukupigia wewe kwanza, ndipo neno lako likanifikia.

Baridi ipo, nimeizoea. Ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, ndiyo sijazoea kuikosa.

Halima anasema kifurushi cha mrututu kingali katika kasha la Bibi. Naomba kisitupwe, na watoto wasikiguse, maana ukimezwa ni sumu. Nitakuja Novemba, mabibo yakiwa mitini. Nitaomba bilauri ya maji, na wazee walewale.

Mpwa wako