Barua ya kusindikiza gunia la mchele

Ubaruku, Mbarali
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mama Junior wangu,

Habari za Iringa na baridi yake? Sisi huku wazima. Tumaini ameota meno ya mbele, Baba Tumaini anakohoa kidogo kwa hili vumbi lakini anadunda. Barua hii nimeishonea kwenye mdomo wa gunia, kwa hiyo kama unaisoma ujue konda hakulifungua njiani. Ni mchele wa mbegu ya SARO, umekobolewa juzi. Usiuchanganye na ule wa dukani.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu ile sauti uliyonitumia kuhusu mto Ruaha Mkuu kukauka nimeisikiliza mara tatu, na kila nikianza kujibu naongea dakika sita mtandao unakata. "Nyie watu wa Mbarali mmeumaliza mto! Viboko wamejazana kwenye tope kama mandazi kwenye karai!" Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikaona una haki. Lakini ulipomalizia na "najua tu ni ng'ombe na ukataji miti", hapo nikasema hapana, huyu lazima nimwandikie.

Unajua tangu mwaka jana nafanya vibarua na hawa watafiti wa maji. Kazi yenyewe si kubwa kama mama anavyowasimulia wenzake kanisani. Asubuhi na jioni nakwenda mtoni kusoma ule ubao wa namba uliosimikwa ukingoni, naandika kwenye daftari, na wakija wenyewe nawashikia kamba huku wakizamisha kile kifaa chenye pangaboi dogo la kupimia mwendo wa maji. Ila ukishika kamba ukiwa kimya, unasikia mengi. Na mengine wamenipa nisome.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa kiangazi mwaka 1993, mwaka uleule ilipoanzishwa ofisi ya maji ya bonde la Rufiji. (Nacheka peke yangu.) Kabla ya hapo ulikuwa unapungua lakini unapita mwaka mzima. Miaka hiyohiyo umeme ukawa wa mgao, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakapungua, na kila mtu akatafuta wa kumlaumu. Waliopatikana kirahisi ni wafugaji, maana ng'ombe anaonekana. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa kwa operesheni, mifugo kwa maelfu ikaswagwa hadi Lindi na Pwani. Unakumbuka yule rafiki yetu aliyehama katikati ya muhula na dawati lake likabaki wazi? Baadaye, mwaka 2008, sehemu ya Usangu, bonde letu hili, ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, kwa lile tangazo la serikali, GN 28, ambalo hapa hata mtoto wa chekechea analijua kwa namba. Ng'ombe wakaondoka. Na mto ukaendelea kukauka.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa limeshapatikana kabla ya hiyo operesheni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mradi wa utafiti uliokaa Usangu miaka kadhaa, ukapima kila kitu: mvua, misitu ya milimani, mifugo, mifereji. Ukaona kwamba mto haukaushwi na kwato, wala miti iliyokatwa huko juu haitoshi kueleza jambo lile. Maji ya kiangazi yanatolewa kwenye mabanio, yale ya kuzuia mto na kuyapeleka maji mifereji ya mashamba. Na Mtera yenyewe hujazwa na mafuriko ya masika, siyo na vile vijito vya Septemba. Ikipungua, uliza pia imefunguliwaje na inaendeshwaje. Ripoti ikaandikwa, na mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, akaahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Wewe ulikuwa Msembe, kule hifadhini, mwezi uliopita. Umejionea.

Sasa sikia kuhusu banio, maana hapa ndipo palinifungua macho. Banio la zamani, lile la babu, lilikuwa mawe, magogo na majani yaliyoshindiliwa mtoni. Linavuja. Mafuriko ya kwanza yanalisomba, mnalijenga upya. Tulikuwa tunaona aibu nalo, si ndiyo? Zikaja fedha za kuboresha, tukajengewa banio la zege lenye geti la chuma, tukapiga vigelegele. Kumbe kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunawapa maji wa chini. Zege halivuji. Kiangazi, mto ukiwa mwembamba kama kamba, banio la zege linaweza kuuchota wote, tone la mwisho, na bado geti likabaki na nafasi. Na vile vibali vya maji viliandikwa kwa lita kwa sekunde kana kwamba Septemba na Machi ni ndugu. Mtu kalipia lita zake, anazidai mwaka mzima. Kwa mahesabu yake hajaiba.

Huko chini kuna Ihefu, kinamasi ambacho mto unapita. Wewe ulipita juu juu tu, lakini ifikirie kama beseni kubwa lenye matete, na mdomo wake ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya beseni yakishuka chini ya ule mwamba, hakuna kinachotoka kwenda hifadhini. Jua linakunywa yaliyobaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao walipiga hesabu: ili pale mwambani itoke nusu tu ya mita ya ujazo kwa sekunde, kiangazi inatakiwa iingie Ihefu wastani wa mita za ujazo 7 hivi kwa sekunde. Saba ziingie, nusu itoke! Na wakati wanapima, kilichokuwa kinaingia kilikuwa karibu nusu ya hizo saba. Kwa hiyo mtu wa huku akikwambia "mimi nimechukua kidogo tu", anasema kweli, ila kidogo hicho kikishapotea huku juu, kule mwambani hakionekani kabisa.

Nikupeleke kwenye jambo la Agosti, halafu nitanyamaza. Tulikwenda kupima mfereji mmoja, sitautaja. Mpunga ulishavunwa tangu Juni, majaruba ni mabua na nyufa, mbuzi wanazurura. Lakini mfereji umejaa. Pangaboi lilikuwa limeharibika, basi yule kijana wa chuo akaniambia nilete chungwa. Nikadhani ana njaa. Akaliweka majini, akapima mita 10 ukingoni kwa futi kamba, akashika saa. Likatembea taratibu, likakwama kwenye sandarusi, nikalisukuma kwa fimbo, tukaanza upya. Sekunde 40. Tukaufuata mfereji ule kwa miguu tujue maji yanakwenda wapi. Tulitembea zaidi ya saa nzima. Tuliwakuta wanawake watatu wanafua, mtoto anaogesha baiskeli, bata, tuta limebomoka maji yanamwagika barabarani, na mwisho wa yote dimbwi la matete ambalo si shamba la mtu. Maji ya kujaza tangi la lori yalikuwa yanakimbia usiku na mchana ili watu wajaze ndoo.

Yule mmoja aliyekuwa anafua alikuwa mama mkwe wangu. Aliniangalia na lile chungwa mkononi akasema, "Mkifunga huu mtoe na bomba." Sikuwa na la kumjibu, maana ndivyo hata wale watafiti wa zamani walivyoandika: wachimbieni watu visima, ndipo muwaombe wafunge mageti kiangazi. Huku kwetu geti linafungwa kwanza, kisima kinakuja kwenye kampeni.

Baba mkubwa anasimulia kwamba miaka ya mwanzo ya 2000 walikuja watu wa Sokoine na Mwingereza mmoja, Bruce Lankford, na mchezo wa ubao. Ubao umeinamishwa, una mto uliochongwa katikati, na pembeni mashimo ndiyo mashamba. Juu wanamimina gololi, ndiyo maji. Kila mkulima ana vijiti vya kutegea, ndiyo mabanio yake. Wazee wa juu wakategesha vijiti vyao, gololi zikajaa kwao, wa chini wakabaki wanashangaa mashimo matupu. Baba mkubwa ni wa juu. Anasema walipobadilishana nafasi, yeye akaenda kukaa chini, alipiga kelele kuliko wote na akataka kuondoka na ubao. Baada ya hapo ndiyo walikaa kupanga zamu. Zamu ile ilidumu misimu kadhaa, ikafa mgawa maji wao alipohamia Chimala. Mimi hapo ndipo napaamini kuliko zege: zamu inayofahamika na mtu wa kuisimamia, anayelipwa. Asipolipwa na jumuiya ya watumia maji, atalipwa na mwenye jaruba la juu.

Usiniulize kilimo shadidi, kile cha kupanda mpunga kwa maji kidogo, najua utauliza, maana mliletewa semina. Baba Tumaini amejaribu kwenye jaruba mbili. Miche ya siku 10, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, unaacha shamba likauke kidogo ndipo unarudisha maji. Mashina yalichanua kama ufagio, kweli. Magugu nayo yalishukuru. Lakini sisi tuko karibu na geti. Shemeji yako yuko mwisho wa mfereji, ukimwambia akaushe jaruba atakuona mwendawazimu, kwa sababu hana hakika maji yatarudi lini. Yeye akiyapata anayajaza mpaka magotini, ndiyo benki yake. Na yale tuliyookoa sisi? Jirani kaongeza jaruba jipya msimu huohuo. Mtoni halikurudi hata kopo. Nimewaambia watafiti waandike hilo, wakacheka wakasema wameliona kwingine pia.

Nami sijakwambia la kwangu. Mwaka jana nilisia kitalu mapema, mvua hazijaanza, kwa maji haya haya ya Oktoba ninayoyapima. Ukivuna mapema bei inakuwa nzuri, na ada ya Tumaini ilikuwa inanisubiri. Mzee wa zamu alinipa maji usiku kwa sababu ananiita mwanangu. Asubuhi nikaenda kusoma ubao, namba imeshuka, nikaiandika kama ilivyo kwenye daftari, na hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo mchele wa kwanza niliokutumia mwezi wa tano, ule uliousifia, viboko wako walichangia.

Mwaka huu sijasia. Siyo utakatifu, Baba Tumaini amepata kazi ya kulinda ghala na ada imelipwa. Tutaona mwakani.

Sasa nina ombi, na ndiyo sababu kubwa ya barua. Ile picha ya viboko uliyonitumia, haina tarehe. Wenzangu wanatafuta siku mto uliposimama mwaka huu pale Msembe, na picha za watalii zinasaidia kuliko unavyodhani. Nenda kwenye simu yako, uangalie uliipiga lini na saa ngapi, na kama pembeni kulikuwa na maji yanayotembea au yamesimama kabisa. Kumbuka vizuri, usinitungie. Niandikie nyuma ya karatasi hii hii umpe konda arudi nayo Jumatano.

Gunia nalo nirudishie.

Wako wa dawati la nyuma,
Mama Tumaini