Safari Isiyo ya Msiba

Morogoro, Septemba

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba Baraka. Sisi hatujambo, tumerudi salama na nguo zote zimeshafuliwa. Uliponipigia tukiwa Mtae, kule juu milima ya Usambara, mtandao ulikuwa unakatikakatika, na swali lako nililisikia vizuri lakini jibu langu halikukufikia. Uliuliza, "Mmekwenda kwa nani huko?" Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana swali hilo hilo tuliulizwa kila tulipolala.

Hatukwenda kwa mtu, Mama Rehema. Tulikwenda tu.

Sisi wa umri wetu tumesafiri sana, lakini hebu kumbuka tulisafiri kwa ajili ya nini. Uhamisho wa kikazi, kumpeleka mtoto bweni, harusi, kikao cha ukoo, na zaidi ya yote msiba. Unapanda basi la alfajiri ukiwa na khanga begani, unafika usiku, unazika, unaanua matanga, kesho yake unageuza kwa sababu Jumatatu kuna kipindi cha kwanza. Nchi nzima tumeipita hivyo. Msata, Mkata, Kabuku, Segera: majina hayo miaka yote nimekuwa nikiyasoma vibaoni kupitia dirisha la basi, wala sikuwahi kukanyaga chini isipokuwa pale dereva anaposema dakika kumi za kuchimba dawa. Sasa serikali imetupumzisha, kengele hailii tena, nikamwambia Baba Baraka, twende tukashuke huko tulikokuwa tunapita.

Pale Korogwe binti wa mapokezi kwenye gesti alituangalia, wazee wawili na begi moja, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni na msiba." Baba Baraka akamjibu kwamba hatujafiwa, tumekuja kutembea. Yule binti aliacha kuandika. Akauliza, "Kutembea kwa nani?" Tukamwambia kuuona mji. Akaenda kumwita mama mwenye nyumba, na yule mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kututazama. Jioni ile tulikula mezani kwake, chakula cha nyumbani kwake hasa, ugali wa bada na samaki wa nazi, na mpaka tunaondoka hatukupata tena nafasi ya kula hotelini.

Korogwe nataka nikusimulie vizuri kwa sababu kuna watu wa kwenu. Unajua mkonge ndio uliojenga mji ule. Miche yake ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, ikitokea Florida, na miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Mashamba yale yalilimwa na watu waliotoka mbali: Kigoma, Songea, hata Burundi, wale manamba, vibarua wa mkataba, tuliokuwa tukiwafundisha watoto habari zao darasani kama jambo la kitabuni. Basi karibu na mto Pangani tulimkuta mzee amekaa kwenye kibaraza akisuka kamba. Tukasalimiana, tukapewa viti. Kumbe ni Muha. Baba yake alitoka Kasulu kwa mkataba, akiwa kijana asiye na mke, akakata mkonge, baadaye akahamishiwa korona, yaani kwenye mashine za kusaga majani ya mkonge, na hakurudi tena. Mzee mwenyewe kazaliwa kambini. Nilimwambia nina rafiki wa Kasulu, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia majina ya ukoo wake, polepole, mmoja baada ya mwingine, aone kama nitalijua hata moja. Sikujua. Lakini nimeyaandika yote kwenye daftari na nitakusomea, kwa sababu wewe uliwahi kunieleza habari za mdogo wake babu yako aliyekwenda "pwani kwenye katani" na barua zake zikakoma. Sisemi ndiye. Ila nasema mambo kama haya huyapati ukiwa ndani ya basi.

Kutoka Korogwe hadi Mombo ni karibu, na pale Mombo ndipo unapoacha barabara kuu ya Arusha ukaanza kupanda milima ya Usambara. Ni kilomita kama 33 hadi Lushoto, lami tupu, lakini kona zake! Tulichukua kigari kidogo cha abiria. Kijana aliyekuwa amekaa kiti cha mbele alishuka mwenyewe akasema, "Bibi, kaa hapa, huko nyuma utaumwa." Hilo ndilo nililoliona safari nzima. Mtu mzima akisafiri kwa utulivu anafunguliwa njia. Kijana akifika kijijini anaulizwa shughuli yake. Sisi tunaulizwa tumeamkaje, na kiti kinatoka ndani kabla hujajibu.

Soni tulishuka kuona maporomoko, yako karibu kabisa na barabara, na maji yake yanasikika kabla ya kuyaona. Hatukukaa sana kwa sababu mvua ilianza.

Lushoto ndipo tulipokaa. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na ukiangalia baadhi ya nyumba za zamani unaiona ile mikono yao, lakini mji ni wa Wasambaa na siku ya gulio ndiyo inayokuonyesha hivyo. Alhamisi alfajiri akina mama wanashuka kutoka vijijini na vikapu kichwani: mafyulisi, mapeasi, kabichi, viazi, maharage ya rangi nisizowahi kuziona Morogoro. Nilimnunulia Baba Baraka sweta la mtumba palepale, maana tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa saba kule unavaa sweta hata saa sita mchana.

Kuna kitu kimoja nilikitazama asubuhi nzima. Chini ya mji kuna kijito, na vijana wanaleta karoti kutoka shambani zikiwa na udongo wake mwekundu. Wanazimwaga kwenye maji, wanapandisha suruali, wanaingia na kuzikanyaga kwa miguu, wanazigeuza, wanakanyaga tena huku wameshikana mabega na kuimba. Maji yanatoka mekundu, baadaye ya kahawia, mwisho yanakuwa meupe, na zile karoti zinaanza kung'aa. Halafu zinapangwa kwenye magunia, kichwa huku na mkia kule, mpaka gunia linavimba juu na kushonewa kofia ya majani. Usiku lori linakwenda Dar es Salaam. Miaka yote nimekuwa nikinunua karoti sokoni bila kujua kwamba zimechezewa ngoma kwanza. Mmoja wa wale vijana amemaliza kidato cha nne na akaniomba nimweleze ile mada ya vipeo na vipeuo, anataka kurudia mtihani. Tulikaa juu ya jiwe tukatumia karoti na kijiti. Alielewa, Mama Rehema. Nilikuwa nimesahau raha ya kumwona mtoto anaelewa.

Kutoka pale tulikwenda Mlalo. Huko ndiko ningependa wewe ufike. Mji uko ndani ya bonde pana, na nyumba zake za zamani zimejengwa ghorofa kwa udongo na miti, zikiwa na roshani za mbao mbele, sijaona mahali pengine. Wamisionari wa Kilutheri walifika pale mwaka 1891. Mashamba yamepanda mlima mpaka unajiuliza mtu analimaje bila kuanguka. Jibu ni matuta, na matuta yana kisa chake. Tulikaa na bibi mmoja aliyetuzidi umri kwa mbali, anatambaza mikono anapozungumza. Alitueleza jinsi Waingereza baada ya vita walivyoleta mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, ulioanza mwaka 1946 na baadaye ukasambazwa Usambara nzima. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, asiyechimba anatozwa faini. Wanawake ndio waliobeba mzigo mkubwa kwa sababu shamba ni lao. Wasambaa wakagoma, mgomo ukachanganyika na siasa za kudai uhuru, na kabla ya mwaka 1961 mpango ulikuwa umekwisha kufa. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokataa kushika jembe. "Sasa tunachimba wenyewe," akasema, akanionyesha matuta ya mjukuu wake, yamepandwa majani ya guatemala kingoni ili udongo usishuke na ng'ombe apate malisho. Nilimuuliza kwa nini sasa wanakubali. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi: "Wakati ule hakuna aliyetuuliza."

Hilo nimelifikiria sana. Mimi nimefundisha historia ya nchi hii kwa miaka mingi, na mpango ule ulikuwa mstari mmoja tu kwenye nukuu zangu.

Mtae ni mwisho wa barabara. Kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima, huku na huku ni bonde. Siku ya kwanza hatukuona kitu, ukungu mtupu, tukakaa ndani tukinywa chai ya tangawizi. Kama tungekuwa na ratiba tungeondoka tukisema tumefika. Tukabaki. Asubuhi moja ukungu ukashuka chini yetu na uwanda wa Mkomazi ukafunguka wote, wa rangi ya majani makavu, unakwenda hadi Kenya. Mzee aliyekuwa akipeleka mbuzi malishoni alisimama kutuonyesha kwa fimbo: kule ni milima ya Upare, na pale, juu kabisa ya mawingu, kile cheupe ni Kilimanjaro. Baba Baraka, unamjua si mtu wa maneno, alivua kofia. Alikaa pale mpaka jua likawa kali.

Sasa nijibu yale yanayokusumbua, kwa sababu najua unasoma na kutikisa kichwa.

Goti lako. Langu pia ni bovu. Tunatembea asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili, tunapumzika, jioni kidogo tena. Msitu wa Magamba una njia pana kiasi kwamba niliwaona mbega weupe kwa weusi wakiruka juu ya miti bila mimi kuparamia kitu. Mahali pa mlima mkali tunachukua bodaboda, namwambia kijana aendeshe taratibu, na wananisikia. Presha yako: dawa za siku zote chukua na za ziada, weka kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye begi la kwenye buti, kadi ya bima usiisahau, na kabla ya kuondoka pita zahanati wakupime. Kule juu kuna hospitali. Kwenye kona kaa mbele na usile sana asubuhi hiyo. Basi la usiku sipandi kabisa, na wewe usipande.

Fedha. Chumba safi chenye chandarua na maji ya moto ya ndoo ni shilingi 20,000 au pungufu, na chakula ni cha bei ya kijijini. Pensheni inatosha tukienda msimu mmoja kwa mwaka na kukaa mahali pachache. Kinachomaliza fedha ni haraka.

Watoto. Najua Rehema atasema, "Mama tulia nyumbani." Baraka naye alisema. Anadhani kutulia ndiyo afya. Nilimwambia nimetulia ubaoni miaka thelathini na kitu, na kila jioni nitampigia simu. Baada ya picha ya Mtae amekuwa akiuliza tunakwenda wapi tena.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Tunakuja kwako Dodoma. Mwezi wa sita mwakani, mvua ikishakwisha, tulale kwako kidogo halafu twende Kondoa sote, lami ipo sasa. Nataka tufike Kolo kwenye michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wa mambo ya kale wana ofisi palepale na wanakupa mwongozo. Mapango mengine ni kupanda, tutachagua ya kwetu. Nataka pia nizungumze na wazee wa Kirangi kuhusu HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maana mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lile ili ardhi ipone, na baada ya kumsikia yule bibi wa Mlalo nataka kusikia na wao wanasemaje. Tutatafuta gesti Kondoa mjini, ya chini, isiyo na ngazi.

Wewe andaa viatu vya kufunga kamba, kofia na shuka zito. Nijibu kabla ya Krismasi ili Baba Baraka aanze kuweka akiba. Msalimie Baba Rehema, mwambie naye anakaribishwa lakini akija asilete redio.

Wako,
Mama Baraka