Umoja wa Mataifa hauajiri rubani, unakodi ndege

Mhariri,

Kila baada ya miezi michache tangazo lilelile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: Umoja wa Mataifa unatafuta marubani wa kupeleka misaada, mshahara wa dola, tuma nakala ya leseni na ada ya usajili. Kijana mwenye leseni mpya ya biashara, saa 200 za kuruka na deni la shule ya urubani, akilisoma anaona Mungu amemkumbuka. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze kazi hii inapatikanaje, maana ipo kweli, ila mlango wake hauko huko.

Huduma ya ndege za misaada ya Umoja wa Mataifa, UNHAS, inasimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Zile ndege nyeupe zinazotua Juba, Sudan Kusini, au Bunia, Kongo, kwa kawaida hukodiwa kwa zabuni kutoka kampuni za kibiashara, na huja na marubani na mafundi wao. WFP yenyewe huajiri maofisa wa operesheni, wapanga safari na watu wa usalama wa anga. Anayekaa kwenye usukani analipwa na kampuni yenye ndege, na huko ndiko barua ya maombi inakotakiwa kwenda. Umoja wa Mataifa pia hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira. Anayekudai hata shilingi elfu kumi ni tapeli, hata kama nembo yake ya buluu inang'aa.

Ukishaipata kampuni, tazama mkia wa ndege kabla ya kutazama mshahara. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 32, unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Alama za usajili zilizoandikwa mkiani ndizo zinazokuambia: ndege yenye 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda, 9Q ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ZS ya Afrika Kusini. Mwenye leseni ya Tanzania anayetaka kurusha 5Y lazima apitie kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hata kama ndege yenyewe inalala Sudan Kusini mwaka mzima. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni uthibitisho wa muda, ambao huisha na mara nyingi hufungwa kwenye kampuni moja. Ya pili ni kubadilisha leseni kabisa: mitihani ya sheria za anga, pengine na ya nadharia, kisha kuruka na mkaguzi. Muulize mwajiri ni njia ipi, nani analipia, na inachukua wiki ngapi. Wapo wanaoacha kazi nyumbani, wakafika, halafu wakakaa hotelini miezi miwili wakisubiri barua ya uhakiki ambayo ilipaswa kuombwa kabla ya safari. Barua hiyo, inayothibitisha kuwa leseni yako ni halali, hutoka mamlaka ya nchi yako kwenda mamlaka ya nchi ya ndege. Nakala uliyobeba mkobani haitoshi.

Tuje kwenye saa, ambako ndiko watu wengi wanakoumia. Leseni ya biashara hupatikana kwa saa 200, au 150 kwa kozi iliyounganishwa na kuidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya usafirishaji, inataka 1,500, na ndani yake kuna masharti ambayo wengi huyakumbuka wakiwa wamechelewa: saa 100 za usiku, 75 za kuruka kwa vyombo (kuongozwa na vipimo vya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje), 200 za safari za mbali. Anayeruka mchana tu kupeleka watalii Serengeti au Zanzibar anaweza kufikisha 2,000 akiwa hana hata 60 za usiku. Azitafute mapema, mbilimbili, kila ndege inaporudi kituoni jioni.

Halafu kuna kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Mamlaka ikiagiza iwe na rubani msaidizi, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinasema saa zake zihesabiwe si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu, isipokuwa nchi imeidhinisha vinginevyo kwa ndege iliyofungwa vifaa vya marubani wawili. Saa 1,000 za kiti cha kulia zinaweza kusomeka 500. Uliza mamlaka ya nchi yako, na uombe jibu la maandishi, kabla hujasaini mkataba wa miaka miwili wa usaidizi. Bima ya ndege nayo, ambayo kwa kweli ndiyo yenye kauli ya mwisho kuliko meneja, husoma safu tatu za logibuku, yaani daftari lako la saa za kuruka: saa ulizokuwa kapteni, saa za injini ya tabaini (turbine), na saa za aina ile ile ya ndege. Jumla kubwa bila hizo tatu haimtishi mtu.

Ndiyo maana tunawasihi wazazi wasiuze kiwanja kumnunulia kijana wa saa 220 idhini ya kurusha Airbus A320, ndege kubwa ya abiria. Kampuni za misaada katika ukanda wetu zinarusha Caravan, Twin Otter, Let 410, Dash 8. Idhini ya A320 isiyo na saa hailingani na chochote hapo, na mwaka ukipita inadai mtihani mpya kwenye mashine ya mazoezi, kwa gharama nyingine. Fedha hizo zingetosha kulipia saa za injini mbili, kuruka kwa vyombo, na kozi ya Caravan.

Kazi yenyewe ni hesabu za uzito kuliko ushujaa. Chukua Caravan 208B ambayo uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 3,969. Tuseme ikiwa na marubani wawili, viti na vifaa ina kilo 2,500. Unakwenda saa mbili hadi kijiji kisicho na mafuta, na saa mbili kurudi. Inakunywa takriban lita 190 kwa saa, yaani kilo 150 hivi. Saa nne ni kilo 600, na akiba ya dakika 45 ni 115 nyingine. Kinachobaki kwa mzigo ni kama kilo 750: magunia 15 ya kilo 50. Hapo magunia yawe makavu. Gunia lililolala nje usiku wa mvua halina tena kilo 50, na mzani wa kiwanjani huwa umeharibika siku hiyohiyo. Mratibu wa shirika ameshaahidi magunia 20, watu wanasubiri, na wewe ndiye wa kusema hapana. Wanaokuhoji kazi watakuuliza swali hili hasa, kwa hiyo jizoeze kulipiga kwa kalamu na karatasi.

Hewa nayo ina hesabu yake. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 hivi juu ya bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 4. Mchana likifika 26, kuna ziada ya nyuzi 22, na kila nyuzi inaongeza takriban futi 120: ndege inaruka kana kwamba iko juu ya futi 8,000. Injini na mabawa vyote vinakosa nguvu, na umbali wa kuruka unarefuka. Kwenye lami ndefu hutaona sana. Kwenye moramu ya mita 700 yenye nyasi mbichi, utaona. Tiba yake ni kuondoka alfajiri, au kupunguza magunia.

Sudan Kusini, kati ya Mei na Oktoba, adui ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Uwanja uliokuwa mgumu asubuhi unakuwa ugali baada ya mvua ya nusu saa, na ndege iliyozama magurudumu inaweza kukaa pale siku kadhaa. Katika kuuliza hali ya uwanja ndipo Kiswahili kinapokuwa na thamani ambayo hakuna anayeiandika kwenye wasifu wake. Mashariki ya Kongo, kuanzia Bunia mpaka Kalemie na Lubumbashi, utampigia simu mlinzi wa uwanja umuulize jana ilinyesha mpaka saa ngapi, na kama ng'ombe wametolewa njiani. Rubani mwenzako kutoka Ulaya anategemea mkalimani. Ongeza Kifaransa cha redio, maana waongozaji wa Kongo wanakitumia, na uandike lugha zote mbili juu kabisa ya wasifu. Kiwango cha 4 cha Kiingereza cha ICAO hupimwa tena kila miaka mitatu, cha 5 kila sita. Usikubali kikuishie ukiwa kazini ugenini.

Asiye na saa za tabaini aanzie wapi? Nyumbani kwanza: kampuni za Caravan za Arusha, Dar na Wilson. Maun, Botswana, kwenye mlango wa Delta ya Okavango, marubani wa saa chache wamekuwa wakianzia kwenye ndege ndogo za Cessna 206 na Airvan za kupeleka watalii kambini. Huko raia hutangulizwa, hivyo kibali cha kazi ndicho kikwazo. Mashirika ya kimisheni kama MAF, yanayoruka Chadi, Madagaska na Papua New Guinea, yana njia tofauti: mara nyingi rubani huchangisha mwenyewe fedha za kumtunza kutoka kwa makanisa na marafiki, na familia nzima husailiwa. Anayetafuta mshahara asipoteze muda wake wala wao.

Kuhusu hatari tuseme waziwazi. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa karibu na Bardale, Somalia, na wote 6 walikufa. Februari 2023 rubani Mnyuzilandi wa kampuni ya ndege ya Susi Air alitekwa kwenye uwanja wa Paro, nyanda za juu za Papua, Indonesia, akaachiwa Septemba 2024. Kwa hiyo usisaini kabla hujasoma kifungu cha bima. Bima nyingi za maisha zinatenga vita. Omba kuona maneno yanayoirudisha vita ndani, nani analipa ukitekwa, nani anakusafirisha ukiugua, na kama kuna bima ya kupoteza leseni kwa sababu za afya. Tizama pia deni la mafunzo: ukiacha kazi kabla ya muda unarudisha kiasi gani, na je, deni linapungua kila mwezi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho?

Mkobani weka kadi ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 chanjo yake inahesabiwa kuwa ya maisha yote. Mweleze daktari wa anga dawa ya malaria unayomeza. Meflokwini haikubaliki kwa marubani, wakati doksisaiklini kwa kawaida inakubalika baada ya kujaribiwa ukiwa chini. Logibuku ijumlishwe upya kabla ya kuituma. Nchi nyingi zina kikomo cha saa 900 au 1,000 kwa mwaka, na mkaguzi akikuta 1,300 hataendelea na ukurasa wa pili.

Tangu Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, safari zimepungua na makapteni wenye uzoefu wanashindania viti vilevile. Matapeli nao watazidi. Kwa hiyo, Mhariri, ukiletewa tangazo la ajira ya marubani ulichapishe, tafadhali muulize mwenye nalo mambo mawili: cheti cha mwendeshaji wa ndege kimetolewa na nchi gani, na ndege ina herufi gani mkiani. Akishindwa kujibu, mrudishie fedha zake.

Wakufunzi wa urubani,
Arusha