Neema, soma kwanza hadithi ya ndege wa Mont Fleur

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema yule mchambuzi unayemsikiliza kwenye simu amehakikisha kwamba vita kuu inakuja, na kwamba huoni tena faida ya kumaliza uuguzi. Usiku ule sikulala.

Nilipokuwa mtoto hapa Morogoro, Mazimbu ilijaa wakimbizi wa ANC, chama kilichopigania uhuru wa Afrika Kusini, tangu Tanzania ilipowapa lile shamba la zamani la mkonge mwaka 1977. Bibi yako aliwauzia mchicha. Barazani kwetu watu wazima walibishana kila jioni: huyu anasema Makaburu hawatoki bila mto wa damu, yule anasema hawatoki kabisa. Kila mmoja ana hakika. Februari 1990 Mandela akatoka gerezani kwa miguu yake. Mwaka 1992 majirani zetu wakafungasha, Mazimbu ikarudi serikalini, na leo wanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanasoma mle.

Kumbe kulekule kwao wapo waliolitazama jambo lile kwa namna nyingine. Kuanzia Septemba 1991 watu 22 walikutana Mont Fleur, karibu na Stellenbosch: wanasiasa, wafanyabiashara, wanazuoni, weusi kwa weupe. Trevor Manuel, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, alikuwemo. Aliwaongoza Adam Kahane kutoka kampuni ya mafuta ya Shell, ambako kazi hii ya kutunga hadithi za yanayoweza kutokea ilikuwa na mizizi. Hawakubishana kuhusu kitakachotokea, bali walisimuliana yanayoweza kutokea, na njia ya kufika huko. Zikapatikana hadithi nne.

Ya Mbuni: serikali inafukia kichwa mchangani, inakataa mapatano ya kweli. Ya Bata Kiwete: kipindi cha mpito kinaburuzwa miaka mingi, serikali haina nguvu ya kuamua. Ya heroe, ndege kama wale wa Ziwa Natron: nchi inainuka polepole, wote pamoja. Na ya Ikaro, yule kijana wa ngano za Wagiriki aliyelisogelea jua, nta ya mbawa zake ikayeyuka. Serikali ya wengi inaingia, inamwaga fedha upesi ili kuwafuta machozi walionyimwa kila kitu, watu wanafurahi kidogo, kisha hazina inakauka na maskini ndio wanaoumia.

Hiyo ya Ikaro ndiyo inayonigusa. Mtu amepigania uhuru ujana wake wote, halafu akae asikilize kwamba ushindi wake, tena kwa nia njema, unaweza kuwaumiza haohao aliowapigania. Walisikiliza, ikaandikwa. Baada ya uchaguzi wa 1994 serikali ya ANC ilishika fedha kwa mkono mgumu. Wapo wanaosema ilimwogopa Ikaro kupita kiasi, maana ukosefu wa ajira kule bado ni donda, nami naona wana hoja.

Sasa huyo mchambuzi wako. Mwanasaikolojia Philip Tetlock alikusanya ubashiri wa wataalamu 284 kwa karibu miaka 20, akachapisha matokeo mwaka 2005. Waliokuwa na jibu moja kubwa kwa kila swali walikosea zaidi, na kusikika sana kwenye vyombo vya habari hakukumfanya mtu abashiri vizuri. Waliokaribia ukweli walikuwa wenye kusitasita, wanaobadili makadirio habari mpya ikifika. Kwa hiyo muulize: vita hiyo lini? Asilimia ngapi? Nikione nini ndipo nijue umekosea? Akikosa jibu, usimkabidhi masomo yako.

Bibi yako hakupanda mahindi peke yake hata mwaka mmoja. Pembeni palikuwa na mtama, kwa sababu mvua hakuiamini.

Andika hadithi zako nne za miaka kumi ijayo. Ya vita usiifiche, iweke mbele kabisa. Halafu jitazame ndani ya kila moja ukiwa na cheti cha uuguzi, kisha ukiwa huna. Mimi nimejaribu jana usiku, na sikupata hata moja ambayo wagonjwa wamekwisha.

Nauli nitakutumia Ijumaa. Uje na karatasi yako, uiandike tarehe. Zangu ziko nyuma ya daftari la vikoba, tutazisoma pamoja.

Mama yako