Shoga, naomba mkeka Jumamosi usiku

Kwa shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Hamjambo huko Gerezani? Mzee Chande na kifua chake anaendeleaje? Sisi huku Tegeta wazima, ila vumbi la ujenzi wa barabara linataka kutumaliza. Tangu Ramadhani hatujazungumza la maana, zile salamu za kutumiana picha za maua sizihesabu. Leo nina shida, nakwambia mapema usije ukadhani nimekukumbuka bure.

Shabani anaposa. Ndiyo, huyohuyo. Binti ni wa Kihonda, Morogoro, na wazee wake wametutaka Jumapili saa 4 asubuhi, wakasisitiza saa 4 ya kweli, si saa 4 ya shughulini. Kina Kaka Omari wanatangulia Jumamosi kwa basi. Mimi siwezi, nina chakula cha harusi Bunju siku hiyo na pesa yake nimeshaila nusu. Na kwa vile wanaume wetu unawajua, barua ya posa na kishika uchumba ninavyo mimi, vimefungwa kwenye leso kabatini. Nisipofika, wale watakaa barazani kwa watu wakitazamana.

Nimekata tiketi ya SGR, ile treni ya umeme, ya Jumapili saa 12 asubuhi. Treni yenyewe hainitii wasiwasi hata chembe, chini ya saa mbili niko Morogoro, tena stesheni yao iko hukohuko Kihonda. Kinachoninyima usingizi ni Tegeta mpaka Stesheni. Kichekesho hiki shoga: Dar mpaka Morogoro kilomita mia mbili na ushei naziweza, Tegeta mpaka mjini siziwezi.

Unajua siku za kazi saa 10 alfajiri huku kituo cha Nyuki kunavyokuwa, watu wanaingilia dirishani. Hata Jumamosi si haba, kuna kina mama na ndoo zao wanawahi samaki Feri, kuna wa Kariakoo, gari linajaa haraka. Jumapili sasa! Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona Mama Pili nilifika kituoni gizani, nikakuta daladala moja imewashwa taa, injini inanguruma, ndani tupo mimi na vijana wawili wa kwaya na majoho yao kwenye mifuko. Dereva deiwaka, wa kushikia gari la mwenzake kwa siku, konda amekaa mlangoni na mswaki mdomoni. Kila akitokea mtu kwa mbali, gari linasogea hatua mbili mbele, konda anapiga bodi, "Twende, twende, inaondoka hiyo!" Mtu akishapanda, gari linarudi nyuma palepale. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka tumbo likaanza kunicheza. Nikamuuliza, "Mwanangu, tunaondoka lini?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari haina Jumapili." Hapo utamgombezaje?

Tukaondoka. Kufika Mwenge wakakatisha ruti. "Mwisho hapa, nauli yenu atachukua huyo wa mbele." Huyo wa mbele hakuwepo. Nikarukia bodaboda na begi langu kifuani, nikafika Stesheni mageti yameshafungwa. Wale kwao ni kama uwanja wa ndege: unakaguliwa tiketi na kitambulisho, begi linapita kwenye mashine, na muda wa kuingia ukiisha hata ulie. Tiketi ikafa, nikaenda Mbezi kutafuta basi, tukala foleni ya malori mpaka Chalinze. Mama Pili hadi leo anasema nilimsusa.

Kwa hiyo usinishangae. Jumapili gari lipo ila haliondoki, na ukiwa na treni ya alfajiri ni afadhali lisingekuwepo kabisa, ungejua moja. Hata ile treni ya mjini ya Waziri Mwakyembe tuliyokuwa tunaikimbilia Ubungo, si unakumbuka Jumapili ilikuwa haitembei? Mji huu unadhani Jumapili hakuna mwenye safari.

Nimeshashauriwa kila kitu. Shabani ananiambia treni nikaipandie stesheni ya Pugu. Mtoto kazaliwa Dar hajui Tegeta na Pugu ziko wapi na wapi! Bi Mwanaidi anasema niite teksi ya kwenye simu. Saa 9 usiku? Anakupigia, "Mama unaenda wapi, unalipa keshi?" halafu kimya, ukitazama simu ameshafuta safari. Bodaboda moja kwa moja kutoka huku, gizani, barabara nusu imechimbwa, na kishika uchumba cha watu kiunoni... hapana. Kidogo niliwaza nitafute gari hadi kituo cha Morocco nidandie basi la mwendokasi la kwenda Gerezani, lakini kufika hapo Morocco ndiko kulekule kwa deiwaka na mswaki wake.

Ndiyo nikakukumbuka wewe. Kutoka kwako hadi Stesheni ya Magufuli ni miguu tu. Nikimaliza Bunju mwenye shughuli ana pikapu inayorudisha vyombo Kariakoo, nitapanda humohumo na masufuria. Nitafika kama saa 5 usiku, ninanuka vitunguu, sitaki chakula, sitaki maneno, nataka mkeka. Saa 10 na nusu nakuaga.

Sasa nijibu moja moja. Mzee Chande bado anafunga geti saa 4 usiku na kulala na ufunguo chini ya mto? Utamwambia wewe au nimpigie mwenyewe nimtajie pilau? Yule mgeni wako wa Tanga ameshaondoka, au tutabanana? Saa hizo za alfajiri njia ya kwenda Stesheni ina watu siku ya Jumapili, au Hamisi anaweza kunisindikiza mpaka getini? Ataamka lakini, huyo Hamisi? Na kama kwako haiwezekani, unadhani mwendokasi la kwanza Jumapili linatoka Morocco saa ngapi? Wewe una jirani anaendesha, muulizie basi.

Halafu ile sufuria yangu kubwa yenye mkono mmoja, unayo wewe au alipita nayo Salma? Maana naihitaji Jumamosi hiyohiyo, wali wa watu wote wale siutoshelezi kwenye vijisufuria vya kuazima. Kama unayo, mpe Hamisi ailete Ijumaa, nauli nitampa mimi.

Wako,
Tatu